Hakuna Mbili Zinazofanana

Maneno ya bango niliyatunga mimi, na nilijivunia. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kwetu nyumbani hilo lilitosha kunifanya mtaalamu wa kila kilichoandikwa: barua za shule za watoto wa majirani, risala za harusi, maelezo ya dawa. Kwa hiyo mama alipokubali, baada ya kubembelezwa sana, kwamba tupeleke kofia zetu kwenye maonyesho ya biashara katika uwanja wa Tononoka, kazi ya kuzinadi ilikuwa yangu. Nilichukua kipande cha mbao nyembamba, nikakipaka rangi nyeupe, na ilipokauka nikaandika kwa herufi kubwa: KOFIA ZA KUSHONWA KWA MKONO. HAKUNA MBILI ZINAZOFANANA.

Mama alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, kama wanawake wengi wa rika lake pale Mji wa Kale. Ikabidi nimsomee. Akasema, "Hilo ni kweli," kwa sauti ya mtu aliyekuwa na hakika kwamba bango lingesema uongo.

Lilikuwa kweli kabisa. Mtaani kwetu mwanamke aliyemshonea mumewe kofia aliichora nakshi yake mwenyewe, na tangu siku hiyo nakshi ile ikawa ya mume yule. Wanawake wenzake wangeiona, wangeisifu, wangeuliza uzi umepitaje hapa na umerudije pale, na wangejibiwa bila choyo. Lakini hakuna ambaye angeichukua na kuishona kwa ajili ya mtu mwingine. Ingekuwa kama kumpakulia mumeo katika sahani ya mume wa jirani. Jambo hili halikuwa na sheria wala kadhi. Lilikuwa na haya tu, na haya ilitosha. Mama alipoanza kushonea watu kwa malipo, baada ya baba kufa, aliendelea na desturi ileile. Kila mteja alichorewa yake. Akija mtu na kusema, nataka kama ya fulani, mama alimkaribisha kahawa, wakazungumza mengine, na mtu yule akaondoka na nakshi tofauti akidhani ameichagua mwenyewe.

Kofia ile ni kazi ya subira. Unachora kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, unatoboa vitobo vidogo kwa sindano nene, halafu kila kitobo unakizungushia uzi mpaka ukingo wake ukakamae na mwanga upite katikati. Vitobo sita vikizunguka kimoja, hilo ni ua. Kofia moja ina maua mengi kuliko bustani yoyote niliyowahi kuiona Mombasa. Mimi kazi hiyo ilinishinda tangu utotoni. Sikuwa na subira, na sina mpaka leo.

Mwenye mkono alikuwa dada yangu. Alinizidi kwa miaka mingi, alikuwa ameolewa akaachwa, akarudi nyumbani bila mtoto na bila manung'uniko, akakaa kwenye mkeka ubavuni mwa mama na kuanza kushona kana kwamba aliinuka jana tu. Mama mwenyewe alisema, si mbele yake, kwamba vitobo vya dada vilikuwa safi kuliko vyake. Lakini miaka ile ya tisini kofia za mashine zilikuwa zimeanza kujaa madukani, nyepesi, rahisi, maua yake yameshonwa bila kitobo hata kimoja. Watu walinunua hizo. Wateja wetu walibaki wazee, na wazee walikuwa wanapungua.

Ndipo akaja wakala. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, kazi yake kupeleka wasichana Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Dada hakuwa msichana, lakini wakala alisema umri si kitu mradi mtu ana afya. Akachukua pasipoti yake kwenda kuishughulikia. Mama akaomba jambo moja: wangoje maonyesho yapite. Tukipata mtu wa kununua kofia zetu kwa wingi, dada atabaki. Tusipopata, ataondoka. Hakuna aliyelisema wazi hivyo nyumbani ila mimi, na nilikaripiwa kwa kulisema.

Dada mwenyewe aliwahi kuniambia neno moja tu juu ya safari ile. Tulikuwa tunafua. Alitoa mikono majini akaitazama. "Wasema huko wasugua sakafu kwa dawa kali," akasema. "Vidole vikiingia ugumu, sindano haishikiki tena." Akarudisha mikono majini. Nikasema labda watampa glavu.

Siku ya kupanga vitu, mama alifungua kasha lake akatoa kofia ya baba. Sikuwa nimeiona tangu mazishi. Alikuwa ameifua, akaitia buluu ya weupe na kanji ya kuikakamaza, akaikausha juu ya bakuli lililofunikwa, na sasa ilisimama imara kana kwamba kichwa cha mwenyewe kilikuwa ndani yake. Nilimuuliza inakwenda wapi.

"Tononoka."

"Mama, hiyo nayo yauzwa?"

"Haiuzwi. Ni maonyesho, si mnada. Wewe si ndiye uliyeniambia twenda kuonyesha? Basi mtu huonyesha kilicho bora."

Na ndiyo iliyokuwa bora, ijapokuwa ilikuwa na kosa. Mama aliishona akiwa bi harusi mtarajiwa, na kwa haraka au kwa aibu, ua moja la upande wa nyuma alilipunguza kitobo. Lina vitano badala ya sita. Aligundua kofia ikiwa tayari imekwisha kuvaliwa. Alitaka kuifumua, baba akakataa. Alikuwa akisema kofia nzuri ziko nyingi, ila yenye ua pungufu ni yake peke yake, na akipotea mji wowote mkewe ataweza kumtambua kwa nyuma. Mama alituhadithia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alicheka mahali palepale.

Kibanda chetu kilikuwa cha turubai, meza moja, viti viwili na busati. Upande wa kulia palikuwa na watu wa magodoro. Upande wa kushoto, kwa bahati yetu mbaya, palikuwa na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akiuza vyuma vya kukatia mboga. Alikata kabichi, akakata karoti, akakata viazi kwa maumbo ya mapambo, na hakuacha kusema tangu alipofungua mpaka alipofunga. Watu walimjaa, wakasimama mpaka mbele ya meza yetu, migongo yao ikitutazama sisi.

Mama alikaa nyuma na birika la kahawa chungu na sahani ya kashata. Dada alikaa pembeni akishona, kwa sababu nilikuwa nimesikia ofisini kwamba watu hupenda kuona kazi ikifanyika. Mimi nilisimama mbele. Asubuhi ile ya kwanza nilijitahidi kwa heshima. Ilipofika karibu na adhuhuri nikaona heshima haiuzi kofia, nikaanza kuita watu. Karibuni, karibuni, kofia za mkono, mshono wa asili. Nilihisi kuvutwa buibui kwa nyuma.

"Watu hawaitwi kama kuku," mama alisema. "Mwenye haja ataona."

"Ataona nini, mama? Watutazama kwa visogo."

"Basi wawache. Siku ya kwanza hii."

Waliotugeukia walikuwa wa namna yao. Mmoja aliuliza kama ni za mashine, nilipomwambia la, akasema za mashine ni rahisi zaidi, akashukuru, akaenda zake. Mama mmoja aliyevaa vizuri sana aliigeuza kofia juu chini na kuuliza kama ingefaa kuwekea mikate mezani. Wengi walikunywa kahawa. Mama alimpa kahawa kila aliyesimama, akamuuliza hali, watu wa nyumbani, na anatoka wapi, na yule mtu alipokwisha kujibu na kumaliza kashata, hakuna kati yao aliyeweza kukumbuka kwamba pale palikuwa mahali pa kununua kitu. Nami sikuweza kutaja bei katikati ya maamkizi. Yule bwana wa kabichi hakumuuliza mtu hali ya nyumbani, na vyuma vyake viliisha kabla ya alasiri, akatuma watu waende kuleta vingine.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa mwalimu mmoja aliyepitisha wanafunzi wake kwa mstari. Akawasimamisha mbele ya dada, akamwelekezea fimbo yake nyembamba, na kuwaambia, "Mnaona? Hivi ndivyo watu wa zamani walivyokuwa wakishona." Watoto wakamtazama dada. Dada akawatazama watoto. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Aliinamisha kichwa akaendelea kuzungusha uzi, na nikaona anajizuia asicheke au asilie, sijui lipi.

Mtu wetu alikuja siku ya pili. Namwita mtu wetu kwa sababu ndivyo tulivyomwita siku zile tatu, hata jina lake tulikuwa na haya kulitaja kwa kuogopa kuiharibu bahati. Alikuwa nadhifu, saa nzuri, mkoba wa ngozi. Alitoa salamu akaitikiwa, akauliza hali, akajibiwa, naye akangoja aulizwe yake. Hakuharakisha lolote. Mama alimpenda papo hapo. Alipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakinywa chote, akakirudisha akiwa amekitikisa, ishara ya kutosheka, kama mtu aliyelelewa. Kisha akainyooshea kidole kofia ya baba.

"Bi mkubwa, hii bei yake?"

"Hiyo haiuzwi, mwanangu. Hiyo ni ya marehemu. Twaiangalia tu."

"Basi nishoneeni kama hiyo. Nyingi. Mimi nina maduka, na nina wenzangu ng'ambo. Sharti langu ni moja, ziwe sawasawa zote. Mteja akiona moja dukani, akija kesho aikute ileile."

Nilimtazama dada. Sindano yake ilikuwa imesimama kitambaani.

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kumpunguzia mgeni aibu. "Mwanangu, watu wawili wakutane msikitini na kofia moja? Yupi atamtazama mwenziwe? Hata bango letu lasema." Akaninyooshea mimi kidole, kwamba nimsomee bango.

Lakini yule mtu alikuwa ameshalisoma. Alisema ni bango zuri, ndilo lililomvuta. Akaongeza kwa adabu kwamba duka haliwezi kuuza kitu ambacho kikinunuliwa hakipo tena. Akasema atapita kesho, huenda bi mkubwa akafikiri. Alipokwenda, bwana wa kabichi alizima kipaza sauti chake kwa mara ya kwanza tangu maonyesho yaanze, akaniinamia na kuniuliza, "Huyo mmemwacha aende?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kofia zimo ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa. Tulikuwa tumeingia vichochoro vya kwetu. Dada ndiye aliyeanza, naye hakuwa mtu wa kuanza maneno.

"Mama, mimi naweza kushona moja hiyohiyo mpaka nizeeke."

"Wewe waweza. Sikukutilia shaka wewe."

"Basi?"

Mama alisimama kumwamkia jirani aliyekuwa barazani, masalkheri, akheri, na maamkizi yakawa marefu kuliko siku zote. Mimi nilikuwa na hasira za kutosha kuwasha jiko. Niliona mama anamwuza mwanawe kwa ajili ya vichwa vya wanaume wasiojulikana, wakutane au wasikutane. Sikumwambia hivyo, lakini nilivibamiza vyombo jikoni mpaka akaniuliza kama vimenikosea nini.

Asubuhi, wakati wa chai, akasema, "Akija, mwambieni nimekubali. Lakini si ya baba yenu. Nitachora nyingine, nayo tutaishona hiyohiyo." Akamega mkate, akautia chaini, akautazama unavyolowa. "Na wewe, lile bango ligeuze."

"Kwani lina nini?"

"Limekuwa uongo. Siwezi kukaa chini ya maneno ya uongo kutwa nzima."

Niliteta. Nilimwambia bango ndilo lililomvuta mtu wetu, na kwamba matangazo hayapimwi kwa mizani hiyo, na kwamba yule bwana wa kabichi anasema chuma chake hakiingii butu maisha na hakuna malaika aliyemshukia. Haikusaidia. Tulipofika Tononoka niligeuza bango, upande mweupe ukatazama watu, na siku ile kibanda chetu hakikuwa na neno lolote. Watu waliokuja kuuliza tunauza nini ilibidi tuwaambie kwa mdomo.

Mtu wetu alikuja kama alivyoahidi. Alifurahi. Alisema uamuzi ni wa busara, na kwamba nakshi mpya haina taabu, bi mkubwa achore aipendayo. Ila wenzake wa ng'ambo hawajapata kuona kazi ya namna hii, na maneno matupu hayatawatosha. Je, anaweza kuchukua kivuli cha ile ya marehemu, awaonyeshe mshono tu? Akafungua mkoba akatoa karatasi nyepesi na penseli.

Mama hakusita hata kidogo. Kwa nini asite? Maisha yake yote wanawake walikuwa wameiangalia kofia ile na kuuliza, naye akawaonyesha. Alivyojua yeye, kuona nakshi ya mtu si kuichukua. Aliitandaza yeye mwenyewe juu ya meza, akamshikia karatasi isisogee, mtu wetu akasugua penseli taratibu na maua yakajitokeza moja baada ya jingine. Walipofika upande wa nyuma, mama akamwonyesha ua pungufu. Akamhadithia kisa chote, haraka ya bi harusi na maneno ya baba. Mtu wetu alicheka mahali hasa panapochekwa. Akasema bwana huyo alikuwa na bahati.

Niliandika namba ya simu ya ofisi yangu kwenye kipande cha karatasi. Akakitia ndani ya mkoba pamoja na kile kivuli, akasema atakuja siku ya mwisho na arubuni ili tununue vitambaa na uzi.

Siku iliyofuata, ambayo ndiyo ya mwisho, dada alizungumza kuliko nilivyopata kumsikia akizungumza. Aliwataja wanawake wa mtaani wenye mkono mzuri, nani apewe kutoboa, nani apewe kuzungusha uzi, nani asipewe kitu kwa sababu hafungi mwisho wa uzi wake. Alisema chumba cha mbele kitafaa, mwanga wake unatosha mpaka magharibi. Alisema tukimaliza oda ya kwanza atatupeleka ufukweni Mama Ngina tukale mihogo tukipunga upepo, mimi na mama, na yeye ndiye atakayelipa. Mama alimwambia apunguze maneno, lakini alikuwa akitabasamu, na kila alipopita mtu mwenye mkoba alinyoosha shingo.

Adhuhuri ilipita. Alasiri tukasali kwa zamu ili kibanda kisibaki bila mtu. Watu wa magodoro walianza kupakia magodoro yao. Nilikwenda mpaka lango la uwanja nikasimama nikitazama waingiao, na wote walikuwa wakitoka. Niliporudi, dada alikuwa ameacha kuzungumza, na alikuwa akishona kwa haraka, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Mama akasema huenda amepatwa na dharura. Akasema hivyo tena wakati turubai la jirani lilipokuwa linashushwa.

Bwana wa kabichi alipomaliza kufunga vitu vyake alikuja na chuma kimoja akamkabidhi mama kwa mikono miwili. "Chukua, mama. Cha nyumbani." Mama alimpa kahawa ya mwisho iliyobaki, ambayo ilikuwa imepoa, naye akainywa amesimama. Hakusema neno juu ya mtu wetu. Nilimchukia kwa huruma yake ile kuliko nilivyowahi kuzichukia kelele zake.

Dada aliondoka kabla mwezi haujaisha. Gari la wakala halikuweza kuingia vichochoroni, kwa hiyo tulimsindikiza kwa miguu mpaka barabarani, mimi nimebeba begi, mama amemshika mkono. Alikuwa ameichoma sindano yake kwenye mto mdogo wa sindano, na uzi ukiwa bado umo tunduni. Nilimuuliza kwa nini asiichukue. Akasema akiichukua ataitamani. Wakala alimwambia mama asilie, miaka miwili si mingi. Mama hakuwa akilia. Alimtazama wakala kwa utulivu mpaka yule mwanamke akageuza uso akapanda gari.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili na sindano mbili, moja ikiwa imetulia kwenye mto wake. Mama alishona kidogo kidogo. Kwa lile bango tuliziba dirisha la jikoni ambalo lilikuwa limevunjika, upande mweupe nje, na maneno yangu yakatazama sufuria. Ofisini, kwa miezi mingi, simu ikilia nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Ilikuwa mizigo siku zote, makontena yamefika, makontena hayajafika. Nilijua mtu wetu hatapiga. Nilijua tangu nilipokuwa nimesimama langoni pale Tononoka, na bado mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Dada alipiga simu kwenye duka la jirani yetu, Ijumaa moja moja, akipata ruhusa. Mwenye duka alitutumia mtu, nasi tukatoka mbio, mama akijifunga mtandio njiani. Mama aliogopa ile simu. Aliishikilia mbali na sikio kama kitu cha moto, kwa hiyo niliposimama karibu naye nilisikia kila neno. Dada alisema yu mzima, nyumba ni kubwa, watoto ni watundu. Mara moja mama alimuuliza mikono yake i hali gani. Dada akasema, "Imezoea, mama," na mama hakumuuliza tena.

Ijumaa ninayoikumbuka ilikuwa mwaka wa pili. Dukani palikuwa na watu wakinunua vitu vya mchana. Sauti ya dada ilikuja ya juu, ya haraka, imejaa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ile alipotuahidi mihogo.

"Mama, hongera. Hongereni nyote. Mbona hamkunambia?"

"Twakwambia nini, mwanangu?"

"Kofia. Nimeziona. Leo nimetumwa sokoni, wanaume watoka msikitini, nikaiona ya baba mbele yangu. Nikasema macho yangu yanidanganya. Kisha nikaona nyingine, na nyingine. Na madukani zimepangwa, mama, zimepandana mpaka juu. Nimepita nyuma yao kusudi nitazame. Lile ua pungufu lipo. Wote wanalo."

Mkono wa pili wa mama ulikuwa umeshika ukingo wa meza ya duka, na mwenye duka aliyekuwa anapima mchele alisimamisha kopo lake akamtazama.

"Sikusogea karibu," dada alisema, "si adabu, wanaume. Lakini nimeijua. Nikajua yule mtu alirudi. Nimefurahi, wallahi nimefurahi, nimelia njia nzima." Kisha sauti yake ikashuka, na nikajua hili ndilo alilokuwa amelibeba tangu sokoni. "Ila mama, kama oda ilikuja, mbona hamkuniita nirudi?"

Nilinyoosha mkono niichukue simu. Nilikuwa na maneno tayari, ya yule mtu na kile kivuli chake, yote, na hasira ya kuyasema. Mama aliugeuza mgongo wake nisiifikie.

"Kazi zilitushika, mwanangu," akasema. "Ni nyingi mno. Tutakwita."

Akanisikiliza kidogo nilivyokuwa nikipumua, halafu akanipa simu. Dada akaniuliza ni akina nani wanaotoboa, na chumba cha mbele kama kinatosha. Nikamwambia kinatosha, mwanga wake unakaa mpaka magharibi.